Fundi wa Stering na Mashua ya Kisaju

Nzioka hawezi kukalia kiti kabla ya kukitikisa. Nimekuwa jirani yake wa biashara hapa Kitengela tangu pale penye benki sasa palipokuwa pakifungwa mbuzi, na ameniaibisha mara nyingi. Kanisani watu wakiinamisha vichwa kuomba, yeye huinama kuangalia chini ya benchi, na ukimuuliza atakwambia mguu wa benchi unacheza. Kwenye harusi ya mpwa wake alitoka mezani kwenda kutafuta spana huku bibi harusi akikata keki. Mkewe Mbithe alishachoka kumgombeza. Husema kwamba nyumbani kwake hakuna bawaba inayolia wala sufuria iliyolegea mkono, na hiyo ndiyo faida aliyoipata kwa kuolewa na mtu mwenye kichaa cha aina moja tu.

Kazi yake ni stering. Si injini, si gia, si breki. Ukimletea shida ya injini atakuelekeza kwa Obonyo ng'ambo ya barabara, tena bila wivu. Lakini gari linalovuta upande mmoja, au ambalo usukani wake unazunguka kidogo kabla ya tairi kusikia, hilo ni lake. Hulala chini yake juu ya katoni, akashika tairi kwa mikono miwili, akalitikisa na kusikiliza. Akisikia tak, uso unamkunjamana kama aliyetukaniwa mama. Mimi ninauza vipuri vya stering, bol joint na bushi, zile pete za kuziba nafasi kati ya chuma na chuma, kwenye duka lililopakana na banda lake, kwa hivyo yeye akikunja uso mimi ninafungua droo. Sioni haya kusema kwamba kukunja uso kwa Nzioka kumenisomeshea watoto.

Watu humcheka, nami humcheka kuliko wote, lakini ninajua kilichomfanya awe hivyo. Alipotoka kwao Mwala akiwa kijana alikuwa utingo kwenye lori la mjomba wake Musau. Tai rodi, chuma kinachopeleka usukani kwenye tairi, ikachomoka kwenye mteremko, mjomba akabaki akizungusha usukani ambao haukuwa umeshika chochote. Nzioka alirushwa nje akapona. Musau hakupona. Tangu siku hiyo kitu kinachocheza, kwa Nzioka, ni kitu kinachoua mtu, na mimi ninamwelewa. Au nilidhani ninamwelewa, mpaka Mama Jackie alipokuja na kiondo chake.

Mama Jackie jina lake ni Virginia, na tunasali naye kanisa moja ingawa yeye anakaa Kisaju. Aliingia dukani asubuhi, akafungua leso aliyoitoa kwenye kiondo, akaweka kwenye kaunta pete mbili za shaba zilizoliwa upande mmoja mpaka tundu likawa na umbo la yai, pamoja na pini iliyokonda katikati.

"Bushi ya hii uko nayo?"

Nilimuuliza ni ya gari gani.

"Si gari. Ni mashua."

Nikatazama nje. Barabarani kulikuwa na malori ya mawe, na punda wawili waliobeba mitungi ya maji, kwa sababu mifereji yetu ilikuwa imekauka tena. Hayo ndiyo maji tunayoyajua Kitengela, ya mtungi na ya lori la bauza. Nikamuuliza tena, taratibu, nikidhani mama wa watu ameanza kuchoka akili. Akaniambia ni mashua, ile ya mzee wake, na kwamba kama sina bushi nimwambie tu aende kwingine.

Ilibidi nimpe kiti anieleze. Mumewe, Mzee Kahiga, alifanya kazi ujana wake wote kwenye kilabu cha mashua za matanga, kando ya bwawa moja kule Nairobi. Yeye ndiye aliyezifunga, akazipaka rangi, akaziziba nyufa, na wenyewe walipokuwa hawapo alizitembeza. Magugu yalipolila bwawa, kilabu kikafa, na wanachama wakamwachia mashua moja kuukuu ya mbao kama asante. Aliileta Kisaju kwa trela. Kwa miaka yote hiyo ilikaa nyuma ya nyumba kwenye nyasi kavu, kuku wakitagia ndani, na mzee akisema kila mwaka kwamba ataitengeneza usukani airudishe majini. Kisha akapigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakakatika kabisa.

"Sasa anakaa tu akiangalia hiyo mashua," akasema. "Na Jackie anataka kumchukua."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatuzungumzii mashua. Jackie, binti yao anayekaa Embulbul, alikuwa ameona kwamba mama hawezi tena kumbeba baba, na pia kwamba baba akili imemtoka. Mzee alikuwa akikataa kila kitu kwa kutikisa kichwa. Alikuwa akimimina maji kwenye uji. Siku moja alimwaga kikombe kizima cha maji juu ya mbao za mashua, akakaa akiutazama ule unyevu unavyokauka. Jackie alikwisha kumtayarishia chumba na mtu wa kumtunza. Mama aliomba jambo moja tu, kwamba mzee apande mashua yake mara moja kabla ya kuhamishwa, na Jackie akakubali, kwa sababu si mtoto mbaya. Virginia aliniambia yote hayo bila kulia, akikunja na kukunjua ile leso. Aliogopa kwamba mzee akienda Embulbul hatarudi, na kwamba kitanda walicholalia maisha yao yote kitabaki na mtu mmoja. Nami niliogopa naye.

Nikampeleka kwa Nzioka. Akazishika zile pete, akaipitisha pini ndani, akaitikisa. Tak. Uso ukakunjamana, na nikajua kazi imepokelewa.

Tulikwenda Kisaju kuiona mashua yenyewe. Ilikuwa fupi kuliko pikapu, rangi imebanduka, na unaweza kupitisha kidole kati ya ubao na ubao. Mzee Kahiga alikuwa ameketi kando yake kwenye kiti cha magurudumu, na kofia yake ya sufi ingawa jua lilikuwa kali. Nzioka alimsalimu kwa heshima, kisha akaizunguka mashua, akarudi, akazunguka tena.

"Mama, hii kitu gurudumu yake ya stering iko wapi?"

Hakukuwa na gurudumu. Kulikuwa na ubao uliotakiwa kuning'inia nyuma kwa zile pete na pini, na juu yake mkono wa mti. Nzioka akaushikiza ubao mahali pake, akausukuma ule mkono kushoto, akaenda kutazama nyuma, akarudi, akausukuma tena. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu aliyeifunga kinyume. Ukisukuma kushoto chombo kitakwenda kulia, na hilo linapingana na akili yoyote ya mtu mzima. Alisema yeye anaweza kuigeuza kwa vyuma viwili na bol joint ndogo, na mimi nikasema ninayo. Tulikuwa tunapanga hivyo kama watu wenye ujuzi, mpaka tukamwona mzee anatutazama. Akatikisa kichwa polepole, kushoto na kulia, mara moja.

"Anakataa," akasema Virginia. "Lakini siku hizi anakataa kila kitu."

Hatukujua tumsikilize nani. Nzioka aliliacha jambo la kinyume, lakini niliona limemkaa vibaya, na njiani kurudi alikuwa akisukuma mkono wa hewani kushoto na kulia. Mimi pia nilijaribu. Kichwa kiliniuma.

Kazi ya bushi ilikuwa nyepesi kwake, au ilionekana hivyo. Alinunua kipande cha nailoni nyeupe, ile tunayotumia sisi kwa bushi za lori mtu akikosa za dukani, akakipeleka kwa fundi wa mashine ya kukereza, akatengenezewa bushi za kuvaa ndani ya pete. Pini akatengenezewa mpya ya shaba. Aliipitisha pini kwenye bushi, ikaingia kwa kusukumwa na kiganja, ikazunguka laini. Akaitikisa. Kimya. Ndiyo sifa kubwa anayoijua Nzioka, kimya, na wateja wa Kitengela hawamlipi kwa kingine.

Virginia alimleta mzee kwa pikapu ya jirani aione kazi. Jackie alikuja naye pia, ndiyo mara ya kwanza nilipomwona: mwanamke nadhifu, mchangamfu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Nzioka akauweka usukani mapajani mwa mzee kama mtu anayemtoa mtoto wake ashikwe. Mzee akapeleka mkono wa kushoto kwenye pini, akaisukuma, akaitikisa. Haikutikisika. Akatikisa kichwa.

Nzioka alichanganyikiwa kweli. Alishusha sikio mpaka kwenye pini. Akasema labda mzee, kwa uzoefu wake, anasikia kitu ambacho yeye hasikii, labda bado kuna nafasi ya unywele. Akaenda kutengeneza bushi nyingine, za kubana zaidi, mpaka pini ikawa inaingia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mti. Akaomba mzee aletwe tena, wakaja naye wote wawili, mama na binti. Mzee akazishika, na safari hii hakutikisa kichwa tu, aliguna. Katika maisha yote ya Nzioka hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi mara mbili.

Nilikuwa nimewaletea chai. Mzee alikuwa na kikombe chake kwenye mkono wa kiti. Akachovya vidole kwenye chai, akaidondosha juu ya zile bushi nyeupe, tone kwa tone. Kisha akauinua mkono ule ule mbele ya Nzioka, vidole vimefunguka, akavifunga taratibu mpaka vikawa ngumi. Akachovya tena. Akadondosha tena. Akafunga ngumi tena, safari hii kwa nguvu, macho yamemtoka.

Sisi tulisimama kama wajinga. Nzioka alikodoa macho. Mimi nilichukua kitambaa nikafuta chai, na nikamnyang'anya mzee kikombe kabla hajachafua kazi ya watu. Ninaikumbuka sauti aliyoitoa nilipokichukua.

Jackie alimgeukia mama yake. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Mum, si unaona? Hii ndio nilikuwa nakuambia. Baba hayuko."

Virginia alimfuta mzee vidole kimoja kimoja, kwa leso ile ile. Nzioka akauchukua usukani, akasema ataziacha bushi zilivyo, kwa kuwa zaidi ya hapo hakuna kubana tena.

Mvua zilikuwa zimeisha, na Lemein, jirani yao ambaye ng'ombe wake hupita kwenye ua wa Virginia kana kwamba ni wao, alikuwa na silanga kubwa iliyojaa. Ni bwawa la kuchimbwa, la kunywesha mifugo, upande wa kuelekea Mashuuru. Lemein alisema tutumie tu, lakini tusichelewe, kwa sababu ng'ombe hunywa yao na jua hunywa yake, na kabla ya muda mrefu lingebaki tope. Kuhusu kuzama alituambia tusiwe na wasiwasi, maji hayapiti tumbo la ng'ombe mkubwa. Alipoiona mashua ilivyopasuka nyufa alicheka. Akasema mbao kavu hunyweshwa kwanza, ndivyo wanavyofanya na hori la maji lililopasuka. Basi vijana wake wakaiburuta mpaka silanga, wakaifunga ukingoni kwa kamba ya ng'ombe, ikajaa maji ikakaa hivyo wiki nzima, na ubao wa Nzioka ukining'inia nyuma. Alikuwa ameufunga mwenyewe na kuujaribu pale pale, laini, kimya, akaondoka ameridhika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Jackie alikuja na gari lake, na kwenye buti kulikuwa na mkoba wa baba yake, nguo zimekunjwa, dawa zimefungwa. Mpango ulikuwa apande mashua, ashuke, waondoke wafike Embulbul kabla ya foleni. Virginia alikuwa amevaa vizuri mno, kama mtu anayekwenda mazikoni asitake watu wajue. Lemein alikuwapo na fimbo yake na ng'ombe wake upande wa pili wa maji. Tukasalimiana, sopa, ipa, tukasimama tukitazamana. Hakuna aliyekuwa na hakika ni nini kinachofuata. Mimi nilikuwa nimefunga duka siku ya soko ili nije nione mtu akipanda mashua kwenye maji ya ng'ombe, na nikajiuliza kama sisi sote si wagonjwa kuliko mzee.

Maji yalikuwa yamechotwa kutoka ndani ya mashua, na kweli nyufa zilikuwa zimejifunga, ikawa inaelea. Mbao zilizokuwa zikipitisha kidole sasa hazikupitisha hata kucha. Tuliliona hilo, tukalisifu, na hakuna kati yetu aliyelifikiria zaidi. Vijana wa Lemein walimbeba mzee wakamketisha nyuma, Nzioka akaingia na gumbuti zake akaketi mbele yake. Tanga lilipandishwa kwa maelekezo ya kidole cha mzee. Upepo wa Kisaju hauombwi, upo tu. Tanga likajaa, mashua ikaondoka kabla Nzioka hajamaliza kuuliza swali lake.

Mzee akaushika mkono wa usukani. Akasukuma. Haukwenda. Akasukuma kwa bega. Nzioka akaweka mikono yake miwili juu ya ule mmoja wa mzee, wakasukuma pamoja, na nilimwona kutoka ukingoni uso wake ukibadilika, kwa sababu alikuwa ameshika usukani usiogeuza kitu, na mimi ninajua ni wapi pengine aliwahi kuuona. Alipiga kelele akiita jina la mjomba wake. Si la Mungu, la mjomba. Mashua ilikwenda moja kwa moja kama iliyotumwa, ikavuka silanga yote, ikaingia katikati ya ng'ombe wa Lemein na kukwama kwenye tope la ng'ambo. Ng'ombe walisogea kidogo wakaendelea kunywa.

Tulizunguka tukikimbia, Jackie mbele, viatu mkononi. Nilidhani tutamkuta mzee ameumia au analia. Tulimkuta ameketi wima, mzima, na Nzioka amepiga magoti kwenye tope nyuma ya mashua, akipapasa bushi zake na kusema haelewi, ilikuwa laini, ilikuwa kimya, mwenyewe aliijaribu. Jackie alianza kumwinua baba yake, akisema basi, imetosha, twendeni nyumbani.

Mzee akamsukuma mkono. Akainama juu ya ubavu wa mashua, akachovya vidole majini, akadondosha maji juu ya ile bushi nyeupe mbele ya pua ya Nzioka. Akauinua mkono, vidole vimefunguka. Akavifunga taratibu, mpaka ngumi.

Nzioka aliutazama ule mkono muda mrefu. Akatazama bushi. Akaweka kidole kwenye ukingo wa pete, mahali ambapo nailoni ilikuwa imetuna na kujitokeza nje kidogo, kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwapo.

"Inakunywa maji," akasema. "Inakunywa maji inavimba. Mzee alikuwa ananiambia tangu siku ya chai."

Mimi nilikumbuka kikombe nilichomnyang'anya, na nikaona aibu mpaka masikioni. Tungejuaje? Sisi watu wa pakavu, bushi zetu hukutana na vumbi na grisi. Mzee alikuwa anakataa kitu kimoja tu, na kila alipokikataa sisi tulikikaza zaidi.

Nzioka aliutoa ubao kwa kuugonga, akatoa tupa ya mviringo kwenye begi lake, akaketi ukingoni na kuanza kuzipanua bushi. Nimemwona akifanya kazi nyingi ngumu, lakini hii ilikuwa nzito kuliko zote, kwa sababu kila alipopitisha tupa alikuwa anatengeneza nafasi kwa mikono yake mwenyewe. Akampa mzee. Mzee akaitikisa pini, akatikisa kichwa. Nzioka akaongeza. Mzee akatikisa kichwa tena. Jasho lilikuwa linamtoka Nzioka, akanitazama kama anayetaka nimwambie aache, nami nikamwambia aendelee. Mwishowe pini ikawa inaingia yenyewe bila kusukumwa. Mzee akaitikisa.

Tak.

Nzioka akafumba macho. Mzee Kahiga akainamisha kichwa chini, juu, chini, ndiyo ya kwanza tuliyoiona kwake tangu augue.

Virginia alikuwa amesimama kwenye tope na viatu vyake vya kanisani. Ghafla akaniuliza, au labda alijiuliza mwenyewe, kama basi uji wake ulikuwa mzito. Nikamwambia Mama Jackie, mimi nimewahi kuunywa, ni mzito. Akacheka, kisha akashika mdomo na kulia.

Waliirudisha mashua majini, sisi tukarudi ukingo wa kwanza penye gari, na safari hii Nzioka aliketi bila kugusa chochote. Mzee akashika usukani kwa mkono wa kushoto. Akasukuma huku, mashua ikaenda kule, akasukuma kule, ikaja huku, na ilitii kila mara. Walikata silanga kwa mshazari, wakageuka karibu na ng'ombe bila kumgusa hata mmoja, wakarudi kwa mstari mwingine. Kofia ya sufi ilipeperuka ikaanguka majini na mzee hakuitazama. Usukani ulikuwa ukigonga tak, tak kila lilipopita wimbi dogo, tuliusikia mpaka ukingoni, na Nzioka alikuwa ameketi juu ya ile kelele ameshikilia mbao mbili, akijifunza kuivumilia. Baada ya muda akaziachia. Sijui alikuwa anafikiria nini na sikuwahi kumuuliza. Hata leo hutikisa kiti kabla ya kukikalia, msidhani amepona.

Waliporudi upande wetu mzee aliileta mashua mpaka kwenye nyasi, mbele kabisa ya miguu ya bintiye, ikasimama hapo kama gari lililoegeshwa. Jackie alikuwa na funguo mkononi. Akamgeukia mama yake, mdomo umefunguka tayari kuuliza kuhusu baba yake, kama tulivyozoea kufanya sote. Akaufunga. Akachuchumaa kwenye tope, uso wake usawa mmoja na uso wa mzee, akamshika ule mkono mzima.

"Baba," akasema, "unataka twende Embulbul?"

Mzee Kahiga akatikisa kichwa, polepole, kushoto na kulia, mara moja.

Hakuna kati yetu aliyemweleza Jackie maana yake. Alikaa pale chini akimtazama, kisha akasimama, akaenda kwenye gari, akafungua buti na kuutoa mkoba.